Dhahabu Ilitufundisha Kufuli, Majani Yataka Hewa

Tangu mwaka 1903, dhahabu ilipoonekana katika vijito vya Kilo, upande wa Djugu katika Ituri ya Kongo, na hasa baada ya mwaka 1926 ilipoundwa SOKIMO, kampuni ambayo mwaka 1966 ilitwaliwa na serikali ikaitwa OKIMO, sisi wenyeji wa pande hizi tumelelewa na mali moja yenye tabia ya pekee: haiozi, haioti ukungu, hailiwi na mdudu, na hata ikifukiwa chini ya sakafu yenye maji kwa umri mzima wa mtu, hutoka kama ilivyoingia. Adui wake ni mwizi peke yake, na dawa ya mwizi ni kufuli. Naona kwamba tabia hii ya dhahabu imetuingia katika fikira hata imekuwa hakimu wa mali nyingine zisizofanana nayo kabisa. Mtu wa Djugu akijenga depo ya mahindi, au ya kahawa, au chumba cha kuwekea majani ya tumbaku, jambo la kwanza analoliwaza ni mlango wa chuma, la pili ni kitasa, na la tatu ni kuziba kila tundu lililo ukutani. Kisha hulala akiwa na yakini kuwa mali yake i salama, hali usiku kucha inaharibiwa na adui asiyehitaji mlango.

Adui huyo ni unyevu, na msaidizi wake ni joto. Katika kumweleza nitaanza na biri, yaani zile sigara nene zinazosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku bila karatasi. Simshauri mtu yeyote avute, maana madhara ya tumbaku katika mapafu na moyo yamekwisha thibitika; lakini insafu yanilazimu niseme kwamba ni vigumu kuona zao jingine la shamba ambalo wenyewe wamelichunguzia hewa kwa subira kama walivyolichunguzia hili.

Wauzaji wa biri wana kanuni ya zamani, ya sabini mbili: unyevu wa hewa uwe asilimia 70, na joto liwe nyuzi 70 za Fahrenheit, ambazo ni nyuzi 21 za Selsiasi. Wengi wa siku hizi hupendelea unyevu upungue kidogo, ufike asilimia 65 hivi, walakini msingi wa kanuni ni ule ule. Asilimia hiyo maana yake ni mvuke uliomo hewani ukilinganishwa na ule ambao hewa hiyo, kwa joto lake la wakati huo, yaweza kuuchukua wote. Ikishuka mno, jani hukauka likapasuka, mafuta yake yenye harufu hupotea, na harufu hiyo hairudi tena hata jani likirudishiwa maji. Ikipanda ikapita asilimia 75 na kukaa huko siku nyingi, ukungu hupata ruhusa. Na joto nalo likipita nyuzi 24 au 25, huanguliwa mayai ya mdudu mdogo wa rangi ya kahawia, ambaye wataalamu humwita Lasioderma serricorne. Mayai hayo hutagwa juu ya majani tangu yakiwa ghalani, na funza wake hutoboa biri moja baada ya nyingine, sanduku zima. Mdudu huyo hachagui tumbaku tu. Hula kakao, viungo na nafaka, kwa hiyo mkulima wa Mambasa asiyejua hata biri inanukaje anaye adui mmoja na tajiri wa Havana.

Sanduku la biri aghalabu hutengenezwa kwa mti uitwao Cedrela odorata, mti wa Amerika ya kitropiki, ambao mbao zake hunywa unyevu hewa inapolowana na kuutoa hewa inapokauka, tena harufu yake huwafukuza baadhi ya wadudu. Mti huo si mgeni Afrika ya Mashariki: ulipandwa Tanzania, na katika hifadhi ya Kimboza, mkoa wa Morogoro, umeenea hata ukawa kero kwa miti ya asili. Ila jambo ninalotaka lishikwe kuhusu sanduku lile ni kwamba kazi yake kubwa ni kuzuia mabadiliko. Jani huvumilia asilimia 65, na huvumilia asilimia 70, lakini halivumilii kupandishwa na kushushwa kila siku, kwa sababu kila mara huvimba na kunywea, mpaka ngozi yake ikachanika.

Wala mtu asidhani kuwa hayo ni maarifa ya ng'ambo yasiyofika bara letu. Mashariki ya Kameruni na katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, jirani yetu wa kaskazini, hulimwa jani jembamba la kahawia linalotafutwa sana kwa kufungia biri za daraja la juu. Arturo Fuente, watengenezaji mashuhuri wa Jamhuri ya Dominika, hulitumia katika biri zao za Hemingway. Ardhi ile na mvua ile hazikutengana sana na zetu. Jani lile limepata thamani kwa sababu, pamoja na kulimwa vizuri, halishikwi likiwa kavu likavunjika, wala halifungwi likiwa na maji likachacha. Hungojwa hadi lilainike kwa kadiri, ndipo hupangwa na kufungwa marobota. Wakulima wa Tabora na Urambo, wanaokausha majani yao katika mabani, wanaujua sana wasaa huo mfupi ambao jani limelegea kiasi cha kushikika.

Sasa nirudi nyumbani. Kilo imekaa pale ambapo nyanda za juu za Djugu zinaelekea kushuka kwenye msitu mkubwa wa Ituri, karibu na mstari wa ikweta lakini juu ya kutosha kuwa na usiku wa baridi. Na uzuri huo wa hali ya hewa ndio mtego wa maghala yetu. Chukua hewa ya mchana yenye nyuzi 28: mita moja ya ujazo yaweza kubeba gramu 27 hivi za mvuke. Ikiwa na gramu 16, unyevu wake ni kama asilimia 60, na jani lolote lingekaa raha mustarehe. Lakini usiku hewa ile ile, iliyofungiwa ndani ya depo isiyo na tundu, ikishuka hadi nyuzi 18, uwezo wake hupungua hadi gramu 15, na kile kilichozidi hakina pa kwenda ila kugeuka maji. Ingia alfajiri katika depo ya mabati isiyo na dari, upeleke mkono juu: utagusa matone yaliyojipanga chini ya bati, kila moja likingoja kuwa zito, na magunia ya juu yana madoa ya duara palipodondoka matone ya jana. Nje mvua haikunyesha. Mvua imenyesha ndani, na kufuli halikufunguliwa.

Wazee wetu hawakuwa na kipimo cha unyevu, lakini walijenga ghala juu ya nguzo ili hewa ipite chini, wakaezeka kwa nyasi zisizotoa jasho, na mbegu wakaziweka kwenye uchaga wa jikoni, juu ya meko, mahali ambapo joto halibadiliki sana na moshi huwachukiza wadudu. Tumbaku iliyobadilishwa tangu kale kwa nyama na asali kati ya vijiji vya kando ya msitu na Wambuti na Waefe, wawindaji wa msituni, ilitakiwa ifike ikiwa na harufu yake, la sivyo biashara isingedumu. Tulipohamia kwenye bati na saruji tulipata nguvu dhidi ya mwizi na moto, tukaacha nyuma maarifa ya hewa, na hapana aliyetufundisha mengine badala yake.

Na mafunzo yenyewe hayahitaji fedha nyingi, kwa maana kipimo kimoja kiko katika kila jiko: chumvi. Chumvi safi ya mezani ikilowanishwa kidogo kwa maji hata ikawa kama uji mzito, na kufungiwa katika chombo kisichopitisha hewa, huifanya hewa ya chombo hicho isimame katika asilimia 75 na isitoke hapo. Ndivyo wenye biri wanavyovipima vipimo vyao, kuona kama vinasema kweli. Kwa sababu hiyo hiyo, chumvi kavu iliyoachwa wazi ikianza kutokwa na maji, hewa imepita asilimia 75, mpaka ule ule ambapo ukungu huanza kustawi. Chumvi isiyosafishwa hulowa mapema zaidi, kwa hiyo itumike ile iliyo safi. Kibakuli cha chumvi juu ya rafu ya depo ni mlinzi wa bei ndogo kuliko kufuli.

Kwa mahindi kuna njia nyingine ya chumvi, nayo hufundishwa na mabwana shamba mahali pengi pa Afrika ya Mashariki. Twaa chupa kavu ya kioo, tia punje hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa kwa dakika mbili au tatu, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi yana unyevu uliozidi asilimia 15, na kuyatia ghalani ni dhuluma kwa watakaoyala. Chumvi isipoganda, umevuka hatua ya kwanza, ingawa kwa kuhifadhi miezi mingi mahindi yanapaswa kukaushwa hadi asilimia 13.5 au chini yake. Atakayeona kuwa huu ni uangalifu wa kupita kiasi akumbuke Makueni na Kitui, nchini Kenya, mwaka 2004: watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumukuvu ya mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Biri yenye ukungu hutupwa, mwenyewe akahesabu hasara. Mahindi yenye ukungu husagwa yakawa unga.

Nikiulizwa kwa nini basi mkulima hakaushi, sitamlaumu yeye kwanza. Mizani ndiyo inayomfundisha. Wanunuzi wengi wanaozunguka vijijini hulipa kwa kilo, na maji yana uzito. Anayekausha kakao yake hadi asilimia 7 au 8, kama itakiwavyo, au kahawa hadi asilimia 11 au 12, hupunguza kilo zake kwa juhudi zake mwenyewe, na jirani aliyeuza mbichi huondoka na fedha sawa naye au zaidi. Tijara ya namna hiyo humwadhibu mwenye bidii. Unguja na Pemba mkulima wa karafuu huanika juani juu ya majamvi, na karafuu zake hupokewa kwa madaraja katika vituo vya Shirika la Biashara la Taifa, ambako ukavu ni sehemu ya bei. Mpokeaji huvunja karafuu kwa vidole, na iliyo kavu hukatika kwa mlio. Hakuna mhadhara unaomfunza mkulima upesi kama bei inayotofautiana mbele ya macho yake.

Najua nitakalojibiwa. Tangu Desemba 2017 Djugu imeungua kwa mapigano mara nyingi, na maelfu kwa maelfu ya watu wamelala chini ya maturubai. Mtu asiyejua kama kesho atakuwa kijijini kwake atamjengea nani ghala lenye nguzo na matundu? Hoja hii ni nzito na siipuuzi. Lakini anayekimbia na gunia moja ndiye anayehitaji kuliko wote kujua kama gunia hilo laweza kuliwa baada ya miezi miwili chini ya turubai, ambalo hutoa jasho vibaya kuliko bati. Chupa na chumvi hubebeka. Na katika miji ambako mali ya waliokimbia hukusanywa na kuuzwa, Bunia, Iga-Barrière, Mongbwalu, maghala yapo, tena mengi, na wenyewe wanaweza leo kuyafungulia matundu yenye wavu chini ya paa, kuweka dari ya mikeka au mbao kati ya bati na magunia, na kupanga magunia juu ya vichanja, mbali na ukuta.

ONAPAC, ofisi ya serikali yenye dhamana ya kukagua ubora wa kahawa na kakao za nchi hii, ingeweza kuweka kipimo cha unyevu kando ya mizani katika masoko makubwa ya Ituri, na kuamuru kwamba bei itajwe baada ya vyote viwili kusomwa hadharani. Tanzania ilitunga sheria ya stakabadhi ghalani mwaka 2005, na mkulima wa korosho hukabidhi zao lake katika ghala linalotambulika, likapimwa na kupewa daraja kabla ya mnada. Mpango kama huo hapa ungeanza na kahawa, kwa kuwa wanunuzi wake wa nje tayari wanauliza unyevu kabla ya kuuliza uzito, na vyama vya wakulima vya nyanda za juu vina watu wanaojua kusoma kipimo. Gharama za vipimo vya mwanzo zitolewe katika ushuru ambao mazao hayo hayo hutozwa yakivuka mipaka ya Mahagi na Aru.