Hoja Nne Zisizo na Mashiko Kuhusu Vena Zilizovimba Miguuni

Hoja hizi mmezisikia redioni, dukani na kwenye ujumbe unaosambazwa kwa simu: vena zilizovimba miguuni zisiguswe, au zipakwe siki, au zivalishwe soksi, au zikatwe kwa kisu na si vinginevyo. Wanaozitoa wanazungumza kwa uhakika mkubwa. Ninyi wasomaji ndio mahakimu, basi tuupime ushahidi wao.

Hoja ya kwanza yasema vena ikifungwa, damu itakosa njia ya kurudi moyoni. Hofu hiyo ingekuwa na msingi kama mshipa huo ungekuwa unafanya kazi. Haufanyi. Ndani ya vena mna vali zinazoruhusu damu ipande tu. Zikilegea, damu hushuka na kutuama, mshipa ukavimba na kujipinda. Sehemu kubwa ya damu ya mguu hupandia vena za ndani, katikati ya misuli, si hizi za chini ya ngozi. Ndiyo maana tangu René Favaloro alipoonyesha njia huko Cleveland mwaka 1967, wapasuaji wa moyo huichukua vena ndefu ya mguu na kuutengenezea moyo njia mpya ya damu, na mguu hubaki hai. Hoja hii ina uzito pale tu vena za ndani zinapokuwa zimeziba, jambo ambalo altrasaundi ya Dopla hulionyesha.

Hoja ya pili yasema siki, mafuta na kukanda vitaifuta vena. Nikiri la haki: zipo dawa za mimea za kumeza ambazo katika majaribio zilipunguza maumivu na uvimbe kwa wiki chache. Lakini vali iliyolegea imo ndani ya mshipa, na hakuna cha kupaka juu ya ngozi kinachoikaza upya. Tena angalieni mgongano: anayewatisha kwamba mguu hauwezi kuishi bila vena hiyo ndiye huyohuyo anayewauzia mafuta ya kuifuta. Kama vena ni ya lazima, mafuta yake ni hatari. Kama si ya lazima, hofu yake haina msingi. Achague moja.

Hoja ya tatu yasema soksi za kubana zinatosha. Ni kweli hupunguza uvimbe na uzito wa mguu, na kwa mjamzito zinafaa, kwani taratibu nyingine kwa kawaida husubiri ajifungue. Lakini ukizivua, damu inashuka kama jana. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2013 unaelekeza zisitolewe kama tiba isipokuwa taratibu za kuifunga vena hazimfai mgonjwa. Katika jaribio la EVRA la mwaka 2018, wagonjwa 450 wenye vidonda vya miguu vilivyotokana na vena wote walitibiwa kwa kubana. Kati ya waliofungiwa vena mapema, nusu walipona kufikia siku ya 56. Kati ya waliocheleweshwa, siku ya 82. Kama kubana kungetosha, tofauti ya siku 26 ingetoka wapi?

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote: upasuaji pekee huung'oa ugonjwa na mizizi yake, leza inayoifunga vena kwa joto na povu linalodungwa ndani yake ni mitindo tu. Jaribio la CLASS la Uingereza liligawa wagonjwa 798 katika tiba hizo tatu. Baada ya miaka mitano, ugonjwa ulikuwa ukiwasumbua kidogo waliopasuliwa na waliotibiwa kwa leza kuliko waliodungwa povu. Basi hoja imepatia kuhusu povu na imekosea kuhusu leza, ambayo hufanywa kwa ganzi ya sehemu na mgonjwa akatembea siku hiyohiyo. Kuhusu mizizi imekosea pia: baada ya upasuaji, mishipa midogo huweza kuota upya kwenye kinena. Vena zaweza kurudi baada ya tiba yoyote.

NICE nayo hutanguliza joto, la leza au la mawimbi ya redio, kisha povu, kisha upasuaji. Mpangilio huo unachukulia kwamba mashine ya joto ipo. Pale isipofikika, CLASS inatupa sababu ya kuuchagua upasuaji bila kujiona tumekubali tiba duni.

Hoja zote nne zina kosa moja: zinachagua tiba kabla ya kuutazama mguu. Anayekupa tiba yoyote na ajibu kwanza, akiwa na picha ya Dopla mkononi: vali zipi zimelegea, na vena za ndani ziko wazi? Asiyeweza kujibu hana haki ya kukushauri, wala ya kupokea fedha yako.