Tom na Jerry hawaachi kurudi. Sungura wetu je?

Ukifika ushago Desemba hii, iwe ni Tulia kule Kitui au kwenu popote pale, hesabu dakika zitakazopita kabla watoto hawajakupokonya simu. Hawataki kupiga selfi. Wanataka katuni. Na usishangae wakikuambia wanataka ile ya paka na panya, ile ile uliyoitazama ukiwa na umri wao, pengine ile ile aliyoitazama mamako.

Hebu tulia kidogo ufikirie jambo hilo. Filamu ya kwanza ya Tom na Jerry ilitoka Februari 1940, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimeanza juzi tu. Kenya ilikuwa koloni. Leo mtoto wa miaka minne, ambaye Kiingereza hajui na Kiswahili bado anakitafuta, anaangua kicheko Tom akikanyaga reki na mpini kumfyatukia usoni. Ni zaidi ya miaka 80. Niambie, ni wimbo gani wa gengetone unaoupenda sasa hivi utakaochezwa mwaka wa 2110?

Utasema katuni yenyewe ni kali. Kweli, ni kali. William Hanna na Joseph Barbera walitengeneza filamu fupi 114 za wawili hao kufikia 1958, na saba kati yake zikanyakua tuzo ya Oscar. Tena haina maneno mengi, kwa hivyo haihitaji mkalimani. Lakini ukali peke yake hautoshi. Kazi ngapi nzuri zimezikwa bila hata matanga? Tom na Jerry wako hai kwa sababu kila kizazi kimepata mtu wa kuwatoa kabatini na kuwarudisha hewani.

Fuata safari yao uone. Mwanzo walikuwa wa sinema, mtu analipa tiketi ndipo aone. Mwaka wa 1965 kituo cha CBS cha Marekani kikaanza kurusha marudio yao, na watoto wakawa wanawatazama wakiwa sebuleni. Mwaka wa 1986 tajiri Ted Turner akanunua kampuni ya MGM, na hata alipoiuza tena alibaki na hazina yake ya filamu za zamani. Hazina hiyo ndiyo iliyomsaidia 1992 alipoanzisha Cartoon Network, kituo cha katuni mchana na usiku. Zikaja kanda za VHS. Zikaja DVD, na 2004 mkusanyiko wa kwanza wa ule mfululizo ulioitwa Spotlight Collection ukaingia madukani.

Kwetu Tulia, Tom na Jerry walifika kwa njia ya vumbi. Binamu alishuka kutoka Nairobi na CD ya kuungaunga, karatasi ya juu imefifia, katuni arubaini zimebanwa pamoja. Sokoni kulikuwa na duka lenye runinga ndogo na mashine ya DVD. Ukinunua mandazi, ulikaa. Usiponunua, ulichungulia dirishani hadi ufukuzwe. CD ilichubuka mapema. Tuliifuta kwa pindo la shati, tukaipaka dawa ya meno, na bado ilikwama pale pale: Tom mdomo wazi, kabla tu ya mlipuko. Mpaka leo sijui bomu lile liliishia wapi.

Lakini kuna jambo jingine tuliloliona bila kulielewa. Unamkumbuka yule mama wa slipa? Yule ambaye uso wake hatukuuona, ni miguu tu, soksi na ufagio, anayemfokea Tom? Katika katuni moja alikuwa na sauti hii, katika nyingine sauti tofauti kabisa. Sisi tulidhani ni CD mbovu.

Haikuwa CD. Mama yule alichorwa kama mfanyakazi wa ndani Mweusi, kwa namna ya kuwadhihaki Wamarekani Weusi iliyokuwa ya kawaida Hollywood enzi hizo. Sauti yake ya kwanza ilikuwa ya mwigizaji Mweusi, Lillian Randolph. Katuni zilipohamia runinga miaka ya 1960, wenye mali waliona soo. Wakamchora upya katika baadhi ya filamu awe mwanamke mzungu, na sauti akapewa June Foray, kwa lafudhi ya Kiayalandi. Baadaye, chini ya Turner, sauti ikabadilishwa tena na kupewa mwigizaji Mweusi, Thea Vidale. Na zile sehemu ambapo bomu likilipuka uso wa Tom unageuka mweusi wenye midomo minene, nyingi zilikatwa.

Kwa hivyo kila marudio yalikuwa uamuzi wa mtu. Kuna mtu aliyekaa ofisini mbali kabisa na Tulia, akashika mkasi, akaamua wewe utaona nini.

Ukiniuliza mimi, mkasi si dawa. Mwaka wa 2005, DVD ya pili ya Spotlight Collection ilifunguliwa na Whoopi Goldberg, akieleza kuwa baadhi ya mambo yaliyomo yalikuwa makosa wakati ule na ni makosa hata sasa, lakini kuyaficha ni kujifanya hayakuwahi kutokea. Hiyo ni heshima kwa mtazamaji. Mwaka wa 2013 mambo yakageuka: mkusanyiko mwingine ulipangwa kutoka bila filamu mbili zenye dhihaka ya rangi, mashabiki wakalalamika vikali, na mkusanyiko wote ukasimamishwa. Sisi wenye rangi hiyo tunayochekwa nayo ndio tungefaa kuuliza kwanza: kwa nini mnatuondolea ushahidi? Mtoto wa miaka minne mwekee filamu nyingine, ziko zaidi ya mia. Lakini kijana wa miaka 17 aone, aambiwe, ajue kicheko cha zamani kilimkanyaga nani.

Usidhani mkasi uko Marekani pekee. Juni 2017 bodi yetu ya uainishaji wa filamu, KFCB, ilipiga marufuku katuni sita, zikiwemo The Loud House, Hey Arnold! na Adventure Time, ikisema zinaendeleza mapenzi ya jinsia moja. Ubishi ulikuwa mkubwa mitandaoni, kila mtu akawa mtaalamu wa malezi. Ila sikumbuki wengi wakiuliza swali lililofuata: sawa, mmetoa sita, mmeweka nini mahali pake?

Na hapa ndipo ninapotaka tuongee kama ndugu.

Kitui ina hadithi. Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka wa 1931, alizikusanya ngano za Wakamba na kuzichapisha 1966 katika kitabu Akamba Stories. Jina lake lenyewe, Mbiti, kwa Kikamba ni fisi, yule yule mlafi anayechezewa shere kwenye ngano. Fisi na sungura wetu hawana tofauti kubwa na Tom na Jerry: mkubwa mwenye nguvu na mdogo mwenye akili, na kila jioni mchezo unaanza upya. Tofauti ni kwamba mmoja ana DVD, ana kituo, ana marudio. Mwingine ana susu, nyanya yetu, ambaye siku hizi akianza kusimulia watoto wanamwambia angoje katuni iishe.

Si kwamba hatuwezi. Tinga Tinga Tales ilitengenezwa hapa hapa Nairobi, katika studio ya Homeboyz, kwa michoro iliyofuata mtindo wa Mtanzania Edward Saidi Tingatinga. Ilianza kuonyeshwa CBeebies ya Uingereza mwaka wa 2010: vipindi 52, kila kimoja kikijibu swali la mtoto, kama vile kwa nini tembo ana mkonga. Wimbo wake uliimbwa na Eric Wainaina. Waliokuwa watoto wadogo miaka ile sasa wamekua. Waulize wangapi wanaikumbuka, kisha waulize wangapi wanamkumbuka Tom.

Majirani wametuonyesha njia. Ubongo Kids ilianza Dar es Salaam mwaka wa 2014, katuni ya Kiswahili inayofundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo. Inarudiwa na kurudiwa, na hakuna mtoto anayelalamika. Mtoto hataki kipya kila siku, anataka kile anachokijua, akiseme kabla hakijasemwa. Huku kwetu, Akili Kids! ilianza Machi 2020, shule zikiwa zimetoka tu kufungwa kwa sababu ya corona, ikiwa kituo cha watoto ambacho hulipii kwa mwezi. Ni mwanzo mwema. Ila kituo kimoja hakiwezi kubeba watoto wa nchi nzima, na Kikamba, Kigiriama, Kiturkana hakiwezi kuvimaliza.

Najua utanijibu: wewe nawe, kila kitu si kiko YouTube? Kiko, ukiwa na bando. Wewe uliye Umoja au Pipeline una waifai ya ploti. Mtoto wa Tulia anangoja simu ya mjomba, na ikifika ina MB za kuhesabu. Mwaka wa 2015 mitambo ya analogi ilipozimwa, nyumba zisizo na king'amuzi zilibaki na runinga ya kuwekea vitambaa. Pengo hilo bado lipo, limehamia tu kwenye simu.

Tena kilichoko mtandaoni si chako. Agosti 2022 katuni Infinity Train iliondolewa kwenye huduma ya HBO Max, na hata maduka ya mtandaoni yakaacha kuiuza. Miaka miwili baadaye tovuti ya Cartoon Network yenyewe ikafungwa. Kama wenye hela hivyo wanaweza kufuta kazi zao wenyewe kwa kubonyeza kitufe, hadithi yetu iliyopakiwa na mtu mmoja kwenye akaunti moja ina usalama gani? Ile CD yetu ilikwama, lakini hakuna aliyeweza kuja Tulia kutunyang'anya.

Msimamo wetu basi ni huu. Vituo vya runinga vinavyojaza mapengo kwa marudio ya kigeni vitenge saa moja kila siku kwa marudio ya katuni za Afrika Mashariki, na kila kikirudia kimlipe aliyechora na aliyetia sauti. Marudio bila malipo ni wizi wenye ratiba. Serikali inayopenda kutuambia tusitazame nini ilipe angalau mfululizo mmoja wa ngano kwa kila lugha, kisha iuache wazi: maktaba za kaunti, shule, flashi, popote mtoto anapoweza kuupata bila bando.

Na wewe? Usiseme ni kazi ya wakubwa. Unajua kuhariri video kwenye simu ukiwa ndani ya matatu. Unajua kuchora, au una rafiki anayejua. DJ Afro alichukua filamu za watu, akaweka maneno yetu juu yake, na nchi nzima ikakaa kumsikiliza. Wewe una hadithi ambayo haina mwenye kukushtaki.

Desemba hii ukipanda gari Machakos Country Bus, acha nafasi kwenye simu. Ukifika, waache watoto wamwone Tom, hakuna ubaya. Halafu zima data, washa kinasa sauti, umsogeze susu karibu na moto, umwambie: hebu turudie ile ya fisi. Muulize alisimuliwa na nani. Mwache amalize, usimkatize. Kisha hifadhi nakala tatu: moja ya kwako, moja ya binamu, moja ya shule ya pale karibu.

Tom atarudi tu, ana watu wa kumrudisha. Susu akienda na hadithi hajaitoa, hakuna kituo kitakachokuwa na marudio yake.