Mgongo ni Wako, Gari ni la Kiwanda

Wapo wapenzi wa magari ya zamani ambao ukiwagusia habari ya kung'oa viti vya mbele na kutia vingine, hukutazama kama mtu aliyetaka kubomoa mihrabu. Kwao gari la kale sharti libaki kama lilivyotoka kiwandani, hata kitambaa chake, hata springi yake inayomdunga mtu pajani. Maneno haya nimeyasikia Mombasa mara nyingi, na mara nyingi zaidi kwa watu ambao gari lao hutoka Jumapili tu, likafika Mama Ngina likarudi kufunikwa turubali. Mimi Volkswagen yangu ya mwaka 1971, ile ya mgongo wa kobe, naitumia kila uchao, kwenda kazini, sokoni na mazikoni. Basi nami nina haki ya kusema, na nasema: viti vya mbele vya gari dogo la zamani vikishachoka na vibadilishwe, tena bila ya haya.

Lakini kwanza tuvitendee haki viti vyenyewe, maana si haki kumtukana mzee kwa kuwa amezeeka. Kiti cha Volkswagen ya miaka ile kiliundwa kwa springi za chuma, na juu ya springi kukawekwa tabaka la nywele za farasi na usumba wa nazi uliogandishwa kwa mpira. Naam msomaji, usumba! Makumbi yale yale yanayofukiwa matopeni miezi na miezi, yakafukuliwa, yakapondwa na kina mama, yakasokotwa kamba. Usumba huu ndio ulioshona mitepe ya Lamu, vyombo vilivyokwenda baharini bila ya msumari. Mjerumani naye akauona kuwa wafaa kukaliwa. Mtu wa pwani akikaa juu ya kiti hicho hakai ugenini. Tena usumba una jema lake ambalo sponji ya leo haina: hupitisha hewa. Katika joto la kaskazi, mtu huteremka garini shati lake halijagandamana na mgongo.

Shida ni kwamba usumba ukipata miaka hamsini huwa vumbi. Ukiona unga mwekundu kama ugoro chini ya kiti, usidhani ni mchanga wa ufukweni. Ni kiti kinachokufa. Springi nazo hulegea, zile za katikati kwanza, kwa sababu ndizo zenye kubeba mzigo. Hapo makalio huzama, magoti hupanda, na kiuno hupinda kama cha mtoto wa chuoni aliyeinamia ubao wake. Nasema hayo kwa kuyajua. Tulipokuwa watoto tulikaa mkekani kutwa tukiyumba na kusoma, na hakuna aliyelalama, kwani mgongo wa miaka minane ni kama ufito mbichi. Mgongo wa miaka hamsini na kitu si ufito. Ukiutoa Mombasa ukaupeleka Malindi, kiasi cha kilomita 120, juu ya kiti kilichozama, siku ya pili utakuwa ukisujudu kwa kuhesabu.

Na si mgongo peke yake. Egemeo la viti vya zamani liliishia mabegani, na kichwa kikaachiwa hewani. Gari likigongwa kwa nyuma, kiwiliwili husukumwa mbele pamoja na kiti, nacho kichwa hubaki nyuma. Shingo ndiyo inayolipa. Wala haihitaji mwendo wa kasi. Yatosha kuwa kwenye foleni ya kivuko cha Likoni, na dereva wa nyuma yako awe anatazama simu yake. Marekani iliamuru magari mapya yawe na kizuizi cha kichwa kuanzia tarehe 1 Januari 1969, na Volkswagen wenyewe wakainua migongo ya viti vya magari waliyoyapeleka huko tangu modeli ya 1968. Sasa niulize: ikiwa kiwanda chenyewe kiliona viti vyake havitoshi kikavibadilisha, huo uaminifu wa asili tunaoung'ang'ania sisi ni uaminifu kwa nani?

(Nasema viti. Matatuni tumezoea kusema siti, na hata kituoni mtu huitiwa siti. Sina ugomvi na neno la kukopa, lakini neno letu lilikuwa limeketi vizuri: kiti, kijimti cha kukalia. Haya, tuendelee.)

Basi ununue kiti gani? Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa kuwa hununua kwa macho. Spea zilizotumika zinazotoka Japani zimejaa mjini, na viti vya magari madogo kama Starlet na Vitz havina uhaba. Ni viti vizuri: egemeo la kichwa lipo, kiuno kimeshikwa, na mgongo hulazwa kwa daraja ndogo ndogo. Lakini gari la Volkswagen lina milango miwili tu. Abiria wa nyuma hupita kwa kukunja kiti cha mbele. Ukitia kiti cha gari la milango minne, ambacho mgongo wake haukunjwi kwa kitasa, umewafungia watoto wako nyuma, na siku ya ajali au moto watatokea wapi? Tafuta cha gari la milango miwili ya ubavuni. Kisha pima upana. Ndani ya Volkswagen mna finyo; kiti kipana hugusa mlango upande huu na breki ya mkono upande huu. Pima na kimo pia, maana kiti kipya huja na reli zake chini, na reli juu ya reli humpandisha mtu mpaka kofia yake ikakwangua dari na usukani ukakaa mapajani. Hata kiti cha Volkswagen nyingine usikichukue kwa upofu. Vya modeli ya 1973 na baadaye vina miguu ya namna nyingine, havikai kwenye reli za zile za kabla yake.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Viti vingi vya magari ya karibuni vina mfuko wa hewa uliofichwa ubavuni, ndani ya sponji. Dalili yake ni kibandiko kando ya egemeo, na waya zenye soketi ya manjano chini ya kiti. Katika gari la 1971 mfuko huo hauna kazi, kwa sababu hakuna chombo cha kuuamuru. Lakini haukufa. Ndani yake mna baruti yake, na fundi anayechokora zile waya kwa kipimo cha umeme anachezea fataki. Kiti cha namna hiyo mimi sikitaki hata kwa bure.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Mwaka jana nilipita karakana moja, nikamkuta kijana anachomelea miguu ya kiti kwenye sakafu ya gari la mtu. Sakafu yenyewe imeliwa na kutu, kutu hii yetu ya upepo wa chumvi, hata barabara inaonekana. Nikamwuliza, "Mwanangu, hapo unaposhikiza pana chuma au pana rangi?" Akacheka. "Kitashika, mzee. Si mtu atakaa tu, hatacheza mpira." Ndivyo tunavyofikiri wengi, kwamba kazi ya kiti ni kukaliwa. Kazi ya kiti ni kumzuia mtu siku gari linaposimama ghafula naye hataki kusimama. Siku hiyo mwili wa kilo 70 huvuta bolti kama ng'ombe kadhaa.

Hesabu huwa mbaya zaidi kwa ajili ya mkanda. Mkanda wa ncha tatu, aliouunda Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, ulianza kwa kushikwa na mwili wa gari. Katika magari mengi ya leo kifungio chake kimetiwa kwenye kiti chenyewe, kwa kuwa kiti kile na sakafu yake vimejengwa kuuhimili mvuto huo. Ukikihamishia kiti hicho kwenye bati jembamba la gari kuukuu ukafungia mkanda papo hapo, umemfunga mtu kwenye kitu kitakachong'oka naye. Tuliyaona mwaka 2004, kanuni za marehemu Waziri John Michuki zilipotulazimisha mikanda: kila kona ya mji mafundi wakitia mikanda kwa misumari ya bati, ili mradi askari aione. Mkanda wa zamani na ubaki palepale ulipopangiwa, kwenye mwili wa gari. Kiti kishikwe kwa bolti ngumu, na chini ya sakafu pawekwe kipande cha chuma kipana cha kuzipokea. Penye kutu pakatwe patiwe bati jipya kwanza. Na maadam viti vimeng'olewa, tazama betri, ambayo katika Volkswagen imo chini ya kiti cha nyuma. Ikikosa kifuniko, mtu mnene akikaa springi huishukia, cheche ikaruka, na usumba mkavu unajua kuwaka.

Kwa vijana wanaotia vile viti vya mashindano, vyenye mbavu pande zote kama vihori, sina mengi. Vinapendeza kwenye picha. Lakini mtieni humo mama yenu mwenye buibui na goti bovu, mwone atakavyotoka. Mimi kipimo changu ni huyo mama. Kiti anachoingia na kutoka bila ya kushikwa mkono ndicho kiti cha gari la watu wa heshima.

Viti vya asili usivikate wala kuviuza. Mimi vyangu vimo darini, vimefunikwa shuka, na reli zake sikuzigusa. Atakayelirithi gari akitaka ya kale atayarudisha kwa saa moja. Na ukienda dukani chukua utepe wa kupimia. Kiweke kiti chini, kikalie nusu saa nzima, mgongo umeegama, vidole viwili vipite kati ya ukingo wake na nyuma ya goti. Muuzaji akinuna kwamba unampotezea wateja, mwagizie kahawa.