JASHO LILILOMO KATIKA GUNIA LA KAHAWA



Kahawa tungu ya Mji wa Kale, inayouzwa kwa dele na kunywewa barazani kwa kashata, twaijua sote. Lakini kahawa ya magunia, ile inayoshuka kutoka bara hadi Kilindini, ina habari yake, na yafaa kila mwanachama aijue.

Brazil ilikuwa koloni la Wareno. Mbuni ulifika huko mwaka 1727, na mashamba yakakuzwa kwa kazi ya watumwa. Nchi ilijitawala mwaka 1822, lakini utumwa haukukomeshwa mpaka 1888. Bendera ilibadilika, mchumaji akabaki na minyororo yake miaka 66 zaidi.

Kwetu, mapadre Wafaransa walipanda mibuni Bura, Taita, mwaka 1893. Reli iliyoanza hapa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na walowezi wakapata njia ya kupeleka mazao yao ng'ambo. Wachumaji wao hawakununuliwa sokoni, lakini kodi ya kibanda iliwatoa makwao kutafuta fedha, na kipande kikawafunga kwa mwajiri.

Mwafrika mwenyewe alizuiwa kupanda kahawa. Iliambiwa kwamba ataleta magonjwa ya mibuni na wizi. Je, ilikuwa kweli? Ng'ambo ya mpaka, Kilimanjaro, Wachagga walikuwa wakilima kahawa, na mwaka 1925 waliunda chama chao cha wakulima. Sababu hasa ni hii: mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mwingine kwa ujira mdogo. Katika miaka ya 1930 wachache wa Kisii, Embu na Meru waliruhusiwa, tena kwa mibuni ya kuhesabiwa. Mlango ulifunguliwa wazi baada ya 1954.

Sisi wa reli na bandari hatukuwa mbali na mambo hayo. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kudai mshahara wa kutosha, wakakutana Kiwanja cha Maskini. Hapo ilionekana wazi kwamba mali ya bara haina thamani ikikosa mikono ya kuibeba.

Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Katika kahawa, aliyechuma juani ni mmoja, na aliyekula kivulini alikuwa mwingine. Bei hutajwa mnadani Nairobi na katika soko la New York. Mchumaji, mpakizi na dereva wa treni hawaulizwi.

Kwa hiyo twasema: mwanachama asidhani kwamba shida ya mkulima si yake. Gunia ni moja, nasi tumelishika sote. Tukizungumza juu ya mshahara wetu, tuulize pia aliyechuma amepata nini. Uhuru wa bendera ni jambo kubwa, lakini Brazil yatufundisha kwamba haki ya mfanyakazi haiji pamoja nayo bila kudaiwa.