Dawa ya Kwanza ni Kuuliza

Askari hufundishwa mambo mengi. Hufundishwa kutunza silaha yake, kusimama lindoni usiku kucha, kufunga jeraha la mwenzake na kumbeba hadi mahali pa usalama. Damu haimtishi. Hata hivyo iko damu moja ambayo askari huyo huyo akisikia inatajwa hugeuza uso na kubadili mazungumzo. Nayo ni damu ya mwezi ya mkewe, ya binti yake, au ya askari mwenzake wa kike. Kuhusu damu hiyo hataki kujua lolote. Na kwa kuwa hajui, hukimbilia kununua dawa.

Tuchukue mfano. Askari mmoja amepangiwa kazi Muyinga, na mkewe amebaki Gitega pamoja na watoto. Mama huyo ana umri wa miaka arobaini na minane. Kwa miezi kadhaa sasa hedhi yake imekwenda ovyo: mwezi huu haionekani, mwezi ujao inakuja kwa wingi na kukaa siku kumi. Usiku hushikwa na joto la ghafla, akalowa jasho, na usingizi ukampaa. Siku moja anampigia mumewe simu na kusema, "Baba watoto, siko mzima." Hasemi zaidi, na mume haulizi zaidi. Kesho yake mume anakwenda sokoni na kununua kopo la unga ambalo muuzaji anaapa kwamba ni dawa ya Kihindi ya mambo ya kina mama. Analifunga vizuri na kulipeleka Gitega kwa gari la abiria linalopitia Karuzi. Anarudi kambini moyo umetulia, akiona kwamba ametimiza wajibu wake.

Ndugu askari, mtu huyu si mtu mbaya. Anampenda mkewe kwa njia aliyoizoea. Lakini amepeleka dawa ya ugonjwa asioujua, kwa mgonjwa asiyemwuliza, kwa ushauri wa muuzaji ambaye hakumwona mgonjwa huyo. Hilo ndilo jambo linalotupasa kulizungumza leo bila kuoneana haya.

Kwanza yafaa tuitendee haki tiba yenyewe. Tiba ya Kihindi iitwayo Ayurveda si uganga wa barabarani. Jina lake, kwa lugha ya Kisanskriti, maana yake ni elimu ya maisha. Misingi yake imeandikwa katika vitabu vya Charaka na Sushruta, ambavyo umri wake umepita miaka elfu moja na mia tano. Leo India ina wizara nzima inayosimamia tiba hiyo na tiba nyingine za asili, iliyoundwa mwaka 2014. Na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kituo chake cha kimataifa cha tiba za asili katika mji wa Jamnagar, huko huko India. Elimu iliyodumu muda mrefu namna hiyo haistahili dharau.

Mabingwa hao wa kale hawakuona haya kuitazama damu ya mwezi. Charaka aliandika kwamba hedhi iliyo salama ni ile inayokuja kila mwezi, ikakaa siku tano, bila maumivu wala kuchoma, isiwe nyingi mno wala chache mno. Sushruta naye alisema kwamba hedhi huanza mnamo umri wa miaka kumi na miwili na kukoma mnamo miaka hamsini. Madaktari wa leo husema kwamba wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka arobaini na mitano na hamsini na mitano. Tofauti iko wapi? Wazee wale walipata jibu hilo bila mashine yoyote, kwa sababu waliuliza na wakasikiliza.

Kwa mujibu wa Ayurveda, mwili huendeshwa na nguvu tatu: vata, yenye tabia ya upepo; pitta, yenye tabia ya moto; na kapha, yenye tabia ya unyevu. Maumivu ya tumbo ambayo Waswahili huyaita chango huhesabiwa kuwa ni upepo ulioharibika. Joto la ghafla na damu nyingi hunasibishwa na moto uliozidi. Sayansi ya leo haikubaliani na maelezo hayo. Yenyewe inasema kwamba katika umri huo mayai ya mwanamke yanakaribia kwisha, homoni zake zinapanda na kushuka, na ndiyo maana hedhi huyumba kabla ya kukoma. Lakini hebu tutazame namna mganga halisi wa Ayurveda afanyavyo kazi yake. Kabla ya kutoa dawa yoyote huuliza: Unakula nini? Unalala saa ngapi? Damu inakuja siku ngapi? Ina rangi gani? Maumivu huanza lini? Una huzuni gani moyoni? Ndipo humpangia mgonjwa chakula, mapumziko, kukandwa kwa mafuta ya ufuta, na mwisho ndipo humpa mitishamba kama vile shatavari au gome la mti wa ashoka.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Askari wetu aliyenunua kopo sokoni hakutumia tiba ya Ayurveda. Alichukua ganda na kuacha kiini. Kiini cha tiba hiyo ni kuuliza, naye hakuuliza.

Wala tusidhani kwamba kila kilichomo katika mitishamba hiyo ni bure. Majaribio kadhaa yameonyesha kwamba unga wa tangawizi, ukitumiwa katika siku za mwanzo za hedhi, hupunguza maumivu. Tangawizi si kitu kigeni kwetu. Chupa ya maji ya moto juu ya tumbo nayo husaidia, na mazoezi mepesi pia. Kwa mitishamba mingine ushahidi bado ni mdogo. Tatizo kubwa ni kopo lisilojulikana limetoka wapi.

Mwaka 2004 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda zilizotengenezwa Asia ya Kusini na kuuzwa madukani katika eneo la Boston. Dawa 14 kati ya hizo zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Askari anaijua risasi itokayo katika mtutu wa bunduki. Basi ajue kwamba iko risasi nyingine, ndugu yake wa tumbo moja, ambayo huingia kinywani kwa kijiko. Madini hayo hupunguza damu, huumiza tumbo na kudhuru ubongo. Kwa mwanamke mwenye mimba humfikia hata mtoto aliye tumboni. Tena hujificha ndani ya mifupa kwa miaka mingi, na mwanamke anapokoma hedhi na mifupa yake kuanza kupungua, sumu hiyo hurudi katika damu. Aliyedhani amemtumia mkewe tiba huenda amemtumia adui wa kumvizia.

Liko jambo lingine lililo zito zaidi. Kopo hilo, hata likiwa safi kabisa, linaweza kumpotezea mgonjwa wakati. Si kila damu ya mama wa umri huo ni ya kukoma hedhi. Huenda ni uvimbe katika kizazi. Huenda ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake hapa Burundi. Saratani hiyo husababishwa na kirusi, huchukua miaka kukua, na dalili zake za kwanza zinaweza kutafutwa kwa njia rahisi: mhudumu wa afya hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama panageuka kuwa peupe. Ikigunduliwa mapema hutibika. Ikifunikwa kwa unga wa kopo miezi sita, hali huwa nyingine.

Kwa hiyo kila askari na azishike dalili hizi kama anavyoshika neno la siri la lindo. Damu inayozidi siku saba. Damu inayolowesha kitambaa kwa saa moja au mbili, tena na tena. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi. Maumivu yanayozidi mwezi hadi mwezi na kumlaza mtu kitandani. Kizunguzungu, kuhema, na viganja vya mikono kuwa vyeupe. Na iliyo kubwa kuliko zote: damu yoyote, hata tone moja, inayorudi baada ya miezi kumi na miwili bila hedhi. Mwenye dalili mojawapo apelekwe kituo cha afya, na kutoka huko hospitali. Akitumia mitishamba, amwambie daktari bila kuficha.

Sasa niseme na wakuu wa vikosi. Wako dada zetu waliovaa sare, wanaosimama vizuizini kuanzia alfajiri hadi jua la utosi. Hedhi haiangalii orodha ya zamu. Mkuu anayehakikisha kwamba kituo chake kina maji, choo chenye mlango na nafasi ya kupumzika kidogo, hafanyi upendeleo; anatunza nguvu ya kikosi chake. Kuna askari wa kike anayemeza vidonge asivyovijua ili asionekane dhaifu mbele ya wanaume. Akijua kwamba mkuu wake atamsikiliza bila kucheka, hatakuwa na haja ya kujificha.

Na ninyi ndugu zetu mnaolinda mpaka wa Kobero, kazi yenu inaingia hapa pia. Dawa isiyo na jina la mtengenezaji, isiyo na tarehe ya mwisho wa matumizi, isiyo na karatasi yoyote, si bidhaa ya kupungiwa mkono ipite. Iko ABREMA, mamlaka ya kusimamia dawa na vyakula. Taarifa ipelekwe huko. Hatusemi mama mwenye kifurushi cha tangawizi asumbuliwe. Tunasema maboksi ya dawa zisizojulikana yasipite kana kwamba ni maboksi ya sabuni.

Watu wengine watasema kwamba mambo haya ni ya wanawake, na kwamba mila inatukataza. Katika Kirundi hedhi huitwa ubutinyanka, neno ambalo ndani yake mna kuogopa na mna ng'ombe. Wazee walimtenga mwanamke na zizi na maziwa katika siku hizo. Mila tuziheshimu, lakini tukumbuke kwamba ng'ombe akitokwa na damu isiyo ya kawaida, mwenye zizi hakai kimya. Humwita mjuzi siku hiyo hiyo. Je, mama wa watoto wake hastahili angalau hayo?

Turudi kwa askari wetu wa Muyinga. Bado hajachelewa. Jioni ya leo, zamu ikiisha, achukue simu na kumwuliza mkewe maneno machache tu: "Mama watoto, damu imekaa siku ngapi? Ni nyingi kiasi gani? Unasikia kizunguzungu?" Kisha anyamaze na kusikiliza mpaka mwisho. Akimaliza, aombe ruhusa kwa mkuu wake, aende Gitega, na amsindikize mkewe hospitalini. Kopo lile aende nalo, amwonyeshe daktari.