Mgonjwa wa Ngozi Atibiwe, Asihukumiwe



Mwenye ugonjwa wa ngozi hawezi kutibiwa mpaka avue nguo mbele ya mganga. Kwa sababu hiyo wako wenzetu wanaoogopa hospitali: watu wa mapenzi ya jinsia moja, na wale wanaoishi kwa jinsia isiyo ile iliyoandikwa katika kitambulisho chao. Wanaogopa kuulizwa kidonda kimetoka wapi. Wanaogopa jina kuitwa dirishani, lisilolingana na mavazi, benchi zima likageuka kutazama.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, hofu hiyo ni mara mbili. Mgonjwa akiandikiwa kwenda kwa madaktari wa ngozi Mbarara, kwanza atafute nauli, kisha mkalimani. Mkalimani akiwa jirani asiyejua kutunza siri, habari za mwili wa mgonjwa hurudi kambini kabla yake.

Wako watakaouliza: haya yanatuhusu nini sisi wa viwandani na mashambani? Yanatuhusu sana. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi aliyeko Uganda kufanya kazi. Ni mwenzetu kazini na bwenini. Upele huletwa na kidudu kinachochimba ngozi, nao hauishi mpaka wote wanaolala pamoja watibiwe kwa wakati mmoja. Mmoja akijificha, sote tutajikuna tena. Kaswende huanza kwa kidonda kisichouma, kisha vipele, hata viganjani na nyayoni. Sindano ya penisilini huiponya. Ikiachwa huweza kuharibu moyo na ubongo. Nao ugonjwa wa mpox, uliokuwa ukiitwa homa ya nyani, ambao Uganda ilitangaza mlipuko wake tarehe 2 Agosti 2024, huambukizwa kwa kugusana ngozi. Hauchagui nani anampenda nani.

Tunajua sheria ya mwaka 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ni kali: kifungo cha maisha, na kwa makosa fulani hata kifo. Lakini tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba, ingawa iliiacha sheria hiyo isimame, ilifuta kifungu kilichowalazimisha watu kupeleka taarifa kwa polisi. Na mwaka 2023 Wizara ya Afya iliwaagiza watumishi wake wasimnyime mtu yeyote matibabu. Basi anayemfukuza mgonjwa hana sheria ya kujifichia.

Tunadai chumba cha kupimwa chenye mlango au pazia. Tunadai wagonjwa waitwe kwa namba. Tunadai wakalimani waliofundishwa kutunza siri. Tunadai mwajiri atoe dawa ya upele kwa bweni zima, bila kuuliza nani aliuleta.

Na sisi wenyewe tuache kuchekana. Kicheko chetu ndicho kinachomrudisha mwenzetu njiani kabla hajafika kwa mganga. Chama kisichomtetea mfanyakazi anapougua kitamtetea lini?