Hita Kuchemsha Maji Si Ushahidi wa Usalama

Imani iliyozoeleka majumbani na katika nyumba za wageni ni kwamba hita ya maji inayotoa maji ya moto bila kukata umeme ni nzima, na kwamba kumwita fundi aikague ni kutupa pesa. Imani hiyo ni potofu kokote, lakini Garissa, Wajir na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, inahatarisha maisha zaidi, kwa sababu udongo na maji ya huko huwaondolea watu kinga wanayodhani wanayo.

Hita ya bafuni inayochemsha papo hapo hufanya kazi kwa koili, yaani waya uliosokotwa unaopata moto umeme unapoupitia, na katika aina nyingi za bei nafuu koili hiyo huzama majini bila kifuniko chochote. Kinachobaki kumlinda anayeoga ni ethi, yaani waya unaoupeleka ardhini umeme uliovuja, hadi kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa chini. Ardhi yenye unyevu huupokea umeme huo kwa urahisi. Mchanga uliokauka kwa miezi kati ya misimu ya mvua ya gu na deyr huukataa. Katika nyumba inayotegemea fimbo yake pekee, ukinzani wa ardhi ukifika omu 100, jambo lisilo la ajabu katika mchanga mkavu, volti 240 zitasukuma ampea 2.4 tu. Hita ya kilowati 5.5 hutumia takriban ampea 23 ikiwa nzima, na sakitbreka yake, yaani swichi inayokata umeme unapozidi, huwekwa ya ampea 32, kwa hiyo haitauhisi uvujaji huo hata kidogo. Maji yataendelea kutoka yakiwa moto huku bomba la chuma likiwa na umeme, ilhali ampea 0.03 zikipita kifuani zaweza kutosha kumuua mtu.

Maji nayo huongeza hatari. Visima vingi vya Wajir vina chumvi, na hata maji ya hifadhi ya ardhini ya Merti, yanayotegemewa na Dadaab na Habaswein, huzidi chumvi kadiri kisima kinavyokaribia kingo za hifadhi hiyo. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi, na madini huganda juu ya koili kama chokaa, yakazuia joto kutoka hadi koili ipasuke. Anayeguswa na mtekenyo wa umeme anaposhika bomba huambiwa kwamba ni kawaida ya hita. Si kawaida; ni onyo, na hita hiyo haifai kuwashwa tena kabla ya kutengenezwa.

Wanaotumia hita za jua hujiona wako nje ya mjadala huu. Jua la Garissa, lililotosha kujengewa kituo cha umeme cha takriban megawati 50 kilichozinduliwa Desemba 2019, haliachi kuchemsha tangi kwa sababu wenye nyumba wamesafiri. Kinachozuia tangi lililofungwa lisipasuke ni vali ya kupunguza shinikizo, na vali iliyogandishwa na chumvi haifunguki. Hata tangi lisipopasuka, maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu, na ya mtoto mchanga upesi zaidi.

Ukaguzi wa maana huanza kwa kuzima swichi kuu, kisha kutazama kama waya umebadilika rangi au kuyeyuka kwenye maungio, na kama ni mnene vya kutosha, kwa kuwa waya wa taa hauwezi kubeba mzigo wa hita. Pawepo pia swichi ya kugundua uvujaji, inayokata umeme kwa miliampea 30 bila kungoja ampea 32, na kitufe chake cha majaribio kibonyezwe mara kwa mara umeme ukiwa umerudishwa. Ukinzani wa ethi upimwe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, na upimwe wakati wa jilaal, ukame unapokuwa mkali kabla ya mvua za gu, kwa maana kipimo kilichochukuliwa baada ya mvua hupendeza macho ya mwenye nyumba lakini hakimwelezi chochote kuhusu miezi iliyobaki.